Usisomee Usanifu kwa Sababu Unajua Kuchora

Kila mwaka KUCCPS wakifungua mtandao wao ili wanafunzi wachague kozi, kuna kijana mahali aliyepata A ya Hisabati, B ya Fizikia, na ana daftari lililojaa nyumba alizochora mwalimu wa Historia akifundisha. Anauliza watu: nisomee usanifu majengo ama niachane nao? Makundi mawili yanamjibu. La kwanza linamwambia afuate ndoto yake, ana kipaji. La pili linamwambia hakuna pesa huko, asomee uuguzi aende ng'ambo. Mimi nasema yote mawili yanampoteza, na la kwanza linampoteza zaidi kwa sababu linaongea kwa sauti ya upendo.

Naishi Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mombasa. Makanga wanapaita Machakos Junction. Nilisomea usanifu miaka miwili katika chuo kikuu kimoja cha umma, nikatoka. Siku hizi naandika kwa vibarua: leo tangazo la ploti, kesho makala ya afya ya meno, nikibahatika naandika kitu changu kama hiki. Sijaja kulia. Nimekuja kubishana.

Tuanze na hii habari ya kuchora. Mtoto akichora nyumba yenye vivuli na miti, shangazi wote wanasema huyu atakuwa msanifu. Kwani tangu lini mtu akaambiwa awe wakili kwa sababu ana mwandiko mzuri? Mchoro ni mwandiko wa kazi. Kazi yenyewe ni kujua jua la saa tisa litaingilia dirisha gani, maji ya mvua yatapita wapi, udongo utabeba nini, kaunti itaidhinisha nini, na mwenye nyumba ana shilingi ngapi hasa, sio zile anazojisifia. Ni kukaa na mume anayetaka ghorofa na mke anayetaka kisima, na wote wawili waondoke na nyumba moja. Picha tamu siku hizi programu ya akili unde inakutolea kabla chai haijapoa. Kama kipaji chako ni picha peke yake, buda, umechelewa.

Sasa bei, ambayo hakuna anayeitaja kwenye zile siku za kuzungumzia taaluma shuleni.

Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT wameigawa safari mara mbili: miaka 4 ya shahada ya kwanza, halafu miaka 2 ya shahada ya usanifu yenyewe. Hiyo ni 6 kama hakuna mgomo, hakuna karo iliyokwama, na hakuna somo la kurudia. Ukimaliza, bado huwezi kujiita msanifu majengo. Sheria, Sura ya 525, ambayo mizizi yake iko miaka ya 1930 wakati wa ukoloni, inalilinda jina hilo. Unafanya kazi kwanza chini ya aliyesajiliwa, unalipwa kama mtu anayejifunza, kisha unakalia mitihani ya bodi inayoitwa BORAQS. Wale mliomaliza Form Four pamoja, mmoja kasomea ualimu, mwingine biashara, wana watoto wawili na deni la sacco. Wewe bado unaitwa "graduate" ofisini na unatumwa kuchukua chapa mjini.

Na hizo chapa! Studio inakula pesa kuliko karo. Karatasi kubwa, kadibodi, gundi, visu, laptopu yenye nguvu ya kubeba Revit na ArchiCAD bila kuzimika usiku wa kuamkia siku ya kutetea kazi. Kuna wiki kuchapisha michoro yangu kulimeza kile mamangu alichopata kwa wiki mbili za kuuza nyanya stejini. HELB haijui kadibodi ni nini. Mwenzangu mmoja alikuwa akijenga modeli kwa maboksi ya maziwa aliyookota mesi, na mwalimu akamwambia mbele ya darasa zima kwamba kazi yake "haina heshima". Kazi ilikuwa safi. Kilichokosa heshima ni boksi.

Mimi nilitoka wakati karo ilikwama na hesabu ikakataa. Sijutii kuingia wala kutoka, nilijifunza kuangalia. Lakini niliona jinsi chujio linavyofanya kazi. Anayefika mwisho ni mwenye bidii, ndio, lakini zaidi ya hapo ni yule ambaye kwao wanaweza kumsubiri miaka 8 ama 10. Tunadhani tunachuja akili, kumbe tunachuja subira ya mifuko ya wazazi.

Utasema hilo ni tatizo la wanafunzi, lina uhusiano gani na nchi? Lina uhusiano mkubwa, bana. Ada ya msanifu kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya gharama ya jengo. Jengo dogo, ada ndogo. Sasa mchukue mtu aliyengoja miaka kumi, mwenye deni la HELB na wazazi wanaomtazama, umuulize: utachora nyumba ya vyumba viwili ya mwalimu wa shule ya msingi, ama utachora apatimenti za Kilimani? Hata mimi ningeenda Kilimani. Huyo mtu tusimwite mlafi. Ngazi aliyoipanda ina mlango mmoja tu kule juu.

Matokeo yake njoo uyaone hapa kwetu. Kuanzia Athi River kuja mpaka Kyumbi na kuingia Machakos, kila mti una tangazo: ploti, futi 50 kwa 100, hatimiliki tayari, maji na stima karibu. Mengine nimeyaandika mimi, kwa hivyo najua neno "karibu" lina urefu gani. Wanaonunua ni makarani, walimu, askari, mama wa chama, watu waliolipa mdogo mdogo kwa miaka. Wakimaliza ploti wanataka nyumba, na kutoka hapo hawamwoni msanifu hata kwa darubini. Ramani inatoka kwenye simu, imetengenezewa mtu wa mahali pengine kabisa. Fundi anaiangalia, anapunguza chumba kimoja, anaongeza baraza, kazi inaanza.

Fundi huyo namheshimu. Ndiye aliyejenga nchi hii. Lakini kuna vitu ambavyo hakuna aliyewahi kumlipa avijue. Sehemu kubwa ya tambarare hizi za Athi ni udongo mweusi, ule unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Msingi ukikaa juu yake bila kuchimbwa mpaka chini penye ardhi ngumu, ukuta utakuja kukuonyesha ufa kutoka pembe ya dirisha hadi dari. Jua la huku ni la nyika, na bado tunafungua madirisha makubwa magharibi, tunapiga mabati bila dari yenye pa kupumulia, kisha tunanunua feni. Tuko Ukambani, mahali mama zetu wamebeba mitungi maisha yao yote, na mvua ya Oktoba hadi Desemba inamwagika kutoka kwa paa kubwa kabisa ikienda kuchimba barabara ya jirani, kwa sababu ramani ya kwenye simu haikuwa na gata wala tangi.

Cheki sasa upande wa pili. Ukiendelea na hiyo barabara ya Mombasa kutoka Kyumbi, hufiki mbali kabla ya kuona lango la Konza, ule mji wa teknolojia wa ekari 5,000 ambao Rais Kibaki aliuzindua Januari 2013. Ramani yake kuu ilishughulikiwa na jopo la washauri wa kigeni, SHoP Architects wa New York wakiwemo. Sina ugomvi na New York. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye barabara moja, mji ambao haujawa na watu ulipata wasanifu kutoka ng'ambo ya bahari, na mji ambao una watu tayari, wanaozaa na kuhamia kila wiki, haukupata hata mmoja wa kuwaambia maji machafu yapite wapi.

Na tusijifanye kwamba ni mambo ya urembo. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, kando ya mto, usiku wa mvua, na watu takriban 50 wakafa. Septemba 2019 darasa la shule ya Precious Talent kule Dagoretti likaanguka na kuua watoto. Baada ya kila msiba tunasikia hotuba kuhusu wajenzi wakora na maafisa waliopewa kitu kidogo. Ni kweli, wapo. Lakini mkora hustawi mahali ambapo mtaalamu hajawahi kukanyaga. Palipo na mtu wa kusoma udongo na nguzo kwa bei ambayo mpangaji na mwenye ploti wanaweza kuifikia, mkora hupata shida kidogo.

Nasikia wanaopinga. Wa kwanza ni wale waliosajiliwa: jina likilegezwa, kila mtu atachora, watu watakufa. Nakubali kwamba jina lilindwe. Ila ulinzi ambao haufiki Kyumbi unamlinda nani? Tayari kila mtu anachora. Nyumba zinasimama kila mwezi bila ninyi, na mlinzi anayelinda lango wakati ukuta wote umebomoka anastahili kuulizwa maswali.

Wa pili ni lile kundi la "hakuna pesa". Wanasema mtu wa kawaida hawezi kulipa msanifu. Lakini huyo mtu wa kawaida tayari analipa. Analipa kubomoa ngazi iliyogonga dari, analipa ufa, analipa feni, analipa bouza ya maji kila kiangazi. Kazi ipo nyingi ajabu. Kilichokosekana ni njia ya kuifanya bila kungoja jengo la milioni mia.

Na njia zimewahi kuonekana, tena hapa hapa Afrika. Beda Amuli wa Tanzania, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika ukanda huu, hakumbukwi kwa mnara wa benki. Anakumbukwa kwa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililokamilika miaka ya 1970: mapaa kama miavuli iliyopinduliwa, yanayotia kivuli wauzaji na kukinga maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021 na nchi nzima ikashtuka, kwa sababu lilikuwa mali ya watu wa nyanya na vitunguu. Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa seremala kabla hajawa mwanafunzi wa usanifu Ujerumani. Alianza kuchangisha pesa za shule ya kijijini kwao Gando akiwa bado masomoni, akaikamilisha 2001 kwa matofali ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo na paa la mabati lililoinuliwa ili hewa ya moto ipite. Shahada aliipata 2004, jengo likiwa tayari lina watoto ndani. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Hapa Kenya amejenga Turkana, kituo cha vijana kujifunza teknolojia chenye minara kama vichuguu inayotoa joto nje. Jua lile lile, mabati yale yale, udongo ule ule. Alichoongeza ni kuwaza.

Kwa hivyo nataka mambo matatu, na nataka kwa sauti. Vyuo vipunguze gharama ya studio na vipeleke wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye ploti za watu halisi, wakae na fundi muhula mzima, alama zitoke huko. Bodi na chama cha wasanifu waweke ada ndogo isiyobadilika kwa nyumba ndogo, na wawape waliosoma diploma za vyuo vya kiufundi njia ya wazi ya kuzichora chini ya usimamizi. Na kaunti ya Machakos iwe na ofisi ambayo mwenye ploti anaingia na karatasi yake, anapata ramani zilizochorewa udongo huu na jua hili, bila kutafutiwa makosa.

Wewe kijana wa A ya Hisabati, hayo hayatafanyika kabla dirisha la KUCCPS halijafungwa, najua. Basi jiulize maswali mengine, sio kama unajua kuchora. Nyumbani wanaweza kukungoja miaka mingapi, kwa shilingi, sio kwa maombi? Umewahi kusimama kwenye mjengo siku nzima, ukabeba mchanga, ukaona mahali fundi anapokwama? Kama hujawahi, likizo hii nenda uwe mtu wa mkono mwezi mmoja kabla hujatia sahihi miaka 6. Na ukifumba macho ukajiona msanifu, unaona jengo gani? Ukiona KICC peke yake, jua jengo hilo lilishajengwa 1973, na nchi haijengi mengine mengi ya aina hiyo.

Lakini ukiona nyumba ya vyumba viwili isiyopasuka, yenye ubaridi saa tisa mchana na tangi lililojaa Desemba, na bado damu inakuchemka, ingia. Ingia kwa shahada kama kwenu wanaweza, ingia kwa diploma kama hawawezi, ingia kwa mwiko kama hata hiyo imekataa. Huku Kyumbi ploti zimeuzwa tayari, na msingi utachimbwa Jumatatu, uwepo usiwepo.