Mpiga Kinanda Wetu Anataka Kusomea Jazi



Miezi mitatu iliyopita alinijia ofisini mama mmoja wa hapa Chake Chake, muumini mwema asiyekosa jumuiya. Mwanawe ndiye mpiga kinanda wetu. Nilipomkaribisha kiti hakuketi. Akasema, "Baba Paroko, kijana wako anataka kwenda Unguja kusomea jazi. Nimekuja umkataze, maana wewe atakusikia."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona kuwa mwenyewe hacheki. Mama huyu ni mzaliwa wa Morogoro. Marehemu baba yake alikuwa mpenzi mkubwa wa Morogoro Jazz, ile bendi iliyovuma kwa gitaa la Mbaraka Mwinshehe, na kwa maelezo yake mapenzi hayo yaliigharimu familia mishahara mingi ya mwisho wa mwezi. Kwake yeye neno jazi ni ukumbi, ni chupa mezani, ni baba ambaye watoto wamelala hajarudi. Ningewezaje kumlaumu?

Nilimwomba anipe muda wa kutafakari. Sikumwambia sababu ya kuomba muda, nayo ilikuwa kwamba hata mimi paroko wake sikujua sawasawa jazi ni kitu gani.

Bendi zetu nyingi za zamani zilijiita kwa jina hilo: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco iliyoanza mwaka 1956. Lakini muziki waliopiga zaidi ulikuwa rumba na dansi. Jina lilikuwa vazi la fahari tu. Jazi yenyewe ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa mji wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na moyo wake ni huu: mpigaji huchukua wimbo unaojulikana, huuheshimu mpangilio wake wa sauti, kisha juu ya mpangilio huo hubuni papo hapo kitu ambacho hakikuandikwa popote. Ni kazi yenye nidhamu kali kuliko inavyosikika kwa mpita njia.

Sasa nimweleze kijana. Ana umri wa miaka 20, na kupiga kinanda alijifunza mwenyewe, kwanza kwa kuwachungulia wakubwa, baadaye kwa video za kwenye simu. Ana sikio la ajabu. Ukimwimbia wimbo mara moja, mara ya pili anakuwa nawe. Ila ana siri ambayo wapiga kinanda wengi wa makwaya yetu wanayo: nyimbo zote anazipiga kwa ufunguo mmoja tu, ule wa vibao vyeupe. Sauti ya kwaya ikipanda au kushuka, anabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, kinanda kinamfanyia kazi, naye vidole vyake vinabaki palepale. Mwaka juzi alisafiri na wenzake Unguja, akakuta piano halisi, ya nyuzi na nyundo za mbao. Akatafuta kitufe. Hakuna. Kijana anayepamba ibada yetu kila Jumapili akasimama mbele ya chombo kile kama mgeni. Aliniambia mwenyewe kwamba siku ile ndiyo aliyoamua kutafuta mwalimu.

Na pa kumpata mwalimu, kwa sisi wa visiwani, ni mahali panapojulikana. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho wengi wanakiita DCMA, kilianza kufundisha Mji Mkongwe mwaka 2002, nacho kwa miaka mingi kilikaa katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani, mbele ya bahari. Kilianzishwa hasa kwa ajili ya muziki wetu, yaani taarab, kidumbak na ngoma, na vyombo kama udi, ganuni, fidla na kodiani. Lakini vijana waliopitia mikono ya walimu wale hawakuishia hapo. Kimo kikundi kinachojiita TaraJazz, na jina lenyewe linatosha kueleza wanachokifanya. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimepungua na kwamba kinaweza kufungwa. Wakati ule wanafunzi 70 walikuwa hawawezi kulipa ada ya mwezi, iliyokuwa kama dola 13. Nimeirudia takwimu hiyo mara nyingi moyoni. Dola 13! Kuna harusi hapa kwetu ambayo maua ya meza kuu peke yake yamelipiwa zaidi ya hapo.

Basi, nilipokwenda Unguja kwa kikao cha mapadre, nilimtafuta mwalimu anayefundisha piano mwanafunzi mmoja mmoja, nikalipia vipindi vinne kwa mfuko wangu. Sikujitambulisha kama padre. Nilivaa shati la kawaida.

Mimi si mgeni kabisa wa vibao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha agiza mwaka 1963 kwamba muziki ufundishwe katika seminari, na sisi tulifundishwa: solfa, sauti nne, kinanda cha kukanyaga. Mwalimu aliniambia nipige wimbo wowote. Nikafungua kitabu, nikapiga vizuri, nikajisikia fahari kidogo. Akanyosha mkono, akakifunga kitabu. "Umesoma vizuri, mzee. Sasa nielezee wimbo huohuo kwa maneno yako."

Mikono iliganda. Ndugu zangu, mimi nahubiri kila Jumapili bila karatasi. Nikiwa na Injili moja naweza kusema dakika kumi bila kurudia sentensi, na wako wanaolalamika kwamba ni ishirini. Lakini mbele ya vibao vile 88 sikuwa na hata sentensi moja iliyo yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa msomaji mzuri wa barua za watu wengine.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mwalimu anafanya nini ambacho simu haifanyi. Hakunicheka, wala hakunipigia mfano ili nimwige. Aliniambia niimbe kwanza kile ninachotaka kukipiga, sauti mbili tatu tu, kisha vidole viifuate koo. Nilipoimba kitu na kupiga kingine, alisikia kabla yangu. Video huendelea mbele hata ukikosea. Mwalimu husimama pale ulipokosea, naye hukuuliza ulitaka kusema nini.

Kipindi cha pili alinipa kitu ambacho nimekuja nacho Pemba kama mtu aliyepewa mkufu. Aliniuliza kama najua solfa, nikamwambia ndiyo, hiyo naijua. Akasema, basi nusu ya jazi unayo tayari, sikiliza: sehemu kubwa ya nyimbo zao hutembea kwa hatua tatu, kutoka kodi ya re, kwenda ya so, kufika nyumbani kwa do. (Kodi wapiga kinanda wanaita sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Si ile ya serikali.) Katika mkono wa kushoto usishike sauti zote, shika mbili tu. Kwenye re shika fa na do. Ukifika so, fa inabaki mahali pake, do inashuka hatua moja kuwa ti. Ukifika nyumbani, sasa ti ndiyo inabaki, na fa inashuka kuwa mi. Kila hatua kidole kimoja kinatembea na kingine kinasubiri. Nilizirudia hatua zile tatu kwa nusu saa nzima, na nakiri kwamba macho yalinilenga machozi, kwa jinsi jambo dogo hivyo lilivyopangika. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuzipiga hatua hizohizo katika funguo zote 12. Hapo ndipo kile kitufe cha kijana wetu kinapokufa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, na kwamba sisi wa visiwani tuna muziki wetu. Nawaheshimu, ila nawaomba wakumbuke taarab ilikujaje. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ganuni kwa walimu wa huko. Mtu alivuka bahari, akaketi mbele ya mwalimu, akarudi na chombo. Mwaka 1905 wakazaliwa Ikhwani Safaa, na leo ni nani atakayediriki kuiambia Unguja kwamba taarab si yake? Tena hapa pana jambo ambalo mwalimu alilisema kwa kupita tu, nami nimelibeba. Ganuni hutoa sauti zilizo katikati ya sauti, zile za robo, ambazo piano haina kabisa, kwa kuwa kati ya kibao na kibao hapana kitu. Weusi wa Marekani nao waliimba sauti za katikati zisizo na kibao. Walipoketi kwenye piano, wakazoea kupiga vibao viwili vinavyopakana kwa mpigo mmoja, ili sikio la msikilizaji liisikie ile isiyokuwepo. Mtoto aliyekulia Pemba, anayesikia taarab kwenye kila redio ya mtaa, hahitaji kuelezwa hamu ya sauti ile.

Wengine wananitajia Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013: yeye alisoma chuo gani? Ni hoja nzito na siikimbii. Hakusoma darasani, lakini alimsikiliza Siti binti Saad kwa miaka. Huyo alikuwa mwalimu wake, hata kama hapakuwa na ada wala cheti. Kijana wetu hana Siti wa piano hapa Chake Chake. Mwalimu wa karibu yuko ng'ambo ya maji, na nauli ya boti kutoka Mkoani inalipwa kwa fedha taslimu.

Yule mama nilimwita nikamweleza habari za Mary Lou Williams, nikijua kwamba nadharia za vidole hazitamsaidia. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mpiga piano wa jazi aliyekuwa maarufu tangu ujana wake. Nyumba yake ya Harlem, New York, ilikuwa kama darasa: vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell walikwenda kuketi kwenye piano yake wakimwonyesha walichobuni, naye akiwasahihisha. Mwaka 1957 alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Baadaye alitunga utenzi wa jazi kwa heshima ya Mtakatifu Martin wa Porres, na mwaka 1975 misa aliyoitunga kwa muziki huohuo iliimbwa ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Miaka yake ya mwisho alifundisha Chuo Kikuu cha Duke, hadi alipofariki mwaka 1981. Mama alisikiliza kwa makini, mikono mapajani. Kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa anarudi nyumbani usiku?"

Sikuwa na jibu la uhakika, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba hofu yake si ya kijinga. Mpiga piano hulipwa mahali palipo na wasikilizaji, na Unguja mahali hapo mara nyingi ni hoteli yenye baa. Kijana atapiga Ijumaa usiku mbele ya watalii ili alipe kodi (sasa naisemea ya nyumba) na nauli. Siwezi kumwahidi mama kwamba hatabadilika. Lakini sioni haki ya kumbakiza kijana kwenye ufunguo mmoja maisha yake yote ili sisi tusikose mtu wa kutuanzishia wimbo wa mwanzo.

Tulilipeleka suala hili halmashauri ya walei. Mzee mmoja alisema fedha hizo zinunue spika mpya, kwa kuwa za sasa zinakoroma, na kwa haki ni kweli zinakoroma. Mwingine aliuliza, tukimsomesha halafu akabaki Unguja? Nikasema huenda akabaki. Palikuwa kimya kirefu. Mwishowe walikubali kulipa nusu ya ada kwa miezi sita, nusu nyingine ni ya nyumbani kwao, na kijana atarudi Jumapili moja kila mwezi. Hawakuandika kwamba lazima arudi moja kwa moja. Nilikuwa nimewaomba wasiandike.

Aliondoka Jumatatu kwa boti. Mama yake alimsindikiza hadi Mkoani akiwa amebeba mwenyewe ule mfuko wa madaftari. Jumapili iliyopita kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mwalimu wa kwaya alitoa sauti ya kuanzia kwa kubahatisha, akaitoa juu mno, soprano wakaishia ubeti wa kwanza wakikohoa, na ikabidi tuanze upya, ngoma na kayamba peke yake. Nami bado sijazimaliza funguo zangu 12. Nimefika ya tano.