Kanisa la Makuti

Majuzi nilitoka kwetu Wiyoni nikapita Malindi, nikachungulia lile kanisa dogo la Wareno lililo karibu na bahari. Kuta za matumbawe na chokaa, paa la makuti, ndani chumba kimoja tu. Lau si msalaba, ungedhani ni msikiti wa babu zetu. Francis Xavier, padri Mhispania, alitua mji huo mwaka 1542. Aliandika kuwa mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia: misikiti ni 17, inayoswaliwa ni 3 tu. Leo kanisa lile linatunzwa na Makumbusho ya Taifa. Na sisi je, jamani? Mihrabu ya kale iliyonakshiwa kwa chokaa twaibomoa kwa mikono yetu, twabandika vigae vya dukani, kisha twapongezana!