"Baba, Kenya Haiko"

Siku ya pili ya Idi, kijana wangu wa miaka 13 alinijia barazani ameshika simu yangu na kadi ndogo ya plastiki. Alikuwa amekusanya mkono wa Idi wake wote, wa babu yake wa Shela, wa shangazi zake wa Mambrui na wa mjomba wake aliyeko Dubai, akanunua kadi ya pauni 20 ya duka moja la gemu la mtandaoni. Muuzaji wa Mombasa alimtoza shilingi 3,600. Ilibaki kufungua akaunti, na kwa kuwa ni mtoto, mzazi lazima athibitishe.

Tukaanza kujaza fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe. Tulipofika penye nchi nikamwambia atafute Kenya. Akanitazama kwa huruma, vile watoto wa siku hizi wanavyotutazama tukishika simu.

"Baba, Kenya haiko."

Sikumwamini. Nikachukua simu nikateremsha orodha mwenyewe kwa kidole. Kuwait niliiona. Kabla yake, pale palipostahili kuwa na Kenya, hapakuwa na kitu. Nikamuuliza wenzake shuleni huandika nini.

"Huandika Uingereza. Anwani wanaweka ya Old Trafford."

Wallahi nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mtoto aliyezaliwa hapa hapa Malindi, babake amtilie sahihi kwamba anakaa uwanjani kwa Manchester United! Na sisi nyumbani ni watu wa Arsenal.

Kampuni yenye duka hilo siitaji, maana kisa hiki ni changu na sina haja ya kugombana na mtu. Lakini niliweka simu chini nikamwambia asubiri, na tangu siku ile jambo hili halijanitoka kichwani.

Mimi si katika wale wazee wanaoona gemu ni kazi ya shetani. Nilikua nazo. Miaka ya tisini, jirani yetu mmoja aliletewa mashine kutoka Dubai, ile ya kaseti iliyoandikwa kwamba ina michezo 9,999 ndani, na ukihesabu ni ishirini tu inayojirudia. Tulikaa watoto kumi sebuleni kwao, pedi mbili, anayekufa anampisha mwenzake. Baadaye vikaja vibanda vya PlayStation, unalipa kwa mechi, na aliyefungwa anaondoka. Hatukujua kama kuna kitu kinaitwa akaunti. Ulikuwa ukinunua diski, ni yako. Ukichoka nayo unabadilishana na mtu wa Maweni au unamuuzia mdogo wako.

Na nitasema lisilosemwa: diski zile karibu zote zilikuwa za kunakiliwa. Tulinunua bei ya mihogo ya kukaanga, hakuna aliyetengeneza gemu aliyepata hata senti yetu. Halikuwa jambo la halali, na wengi wetu tulilijua hilo baadaye tulipopata akili. Kwa hiyo nilipoona mwanangu anatoa pesa zake za sikukuu, pesa halali, anunue kitu halisi kwa mwenyewe, nilifurahi moyoni. Kumbe anayetaka kulipa ndiye anayefungiwa mlango. Mwizi hakuulizwa anakaa wapi.

Msomaji asidhani haya ni ya nyumba yangu pekee. Kisa kinachojulikana dunia nzima ni cha Helldivers 2. Gemu hilo lilitolewa na Sony Februari 2024, likauzwa kwa wenye PlayStation na kwa wenye kompyuta pia, hawa wakilinunua kwenye duka la Steam kwa dola 40. Steam haina neno na Kenya. Ukiwa Kilifi na kadi ya Visa, unanunua na unacheza. Basi watu wakanunua, nchi nyingi, wakalipenda. Tarehe 3 Mei kampuni ikatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta nao watalazimika kuunganishwa na akaunti ya PlayStation Network. Kwa haki ya Mungu, sharti hilo lilikuwa limetajwa tangu mwanzo, ila lilisimamishwa kwa matatizo ya mitambo. Lakini mtandao huo wa PlayStation haukuwa na Kenya katika nchi zake. Barani kwetu kote ilikuwamo Afrika Kusini tu. Watu walikwishalipa, walikwishacheza miezi mitatu, kisha wakaambiwa waonyeshe kitambulisho cha nchi zisizokuwa zao.

Steam ikaliondoa gemu sokoni katika nchi 177. Wachezaji wakawaka. Kwa siku chache ziliandikwa tathmini mbaya zaidi ya 200,000, na tarehe 6 Mei Sony ikarudi nyuma. Ushindi ukashangiliwa Marekani na Ulaya. Kwetu haukuwa na ladha hiyo, kwani hata baada ya sharti kuondolewa, gemu halikurudi mara moja kuuzwa katika nchi zile zilizofungiwa. Mwezi huo huo likatoka jingine la Sony la kompyuta, Ghost of Tsushima, nalo halikuuzwa kwetu, hata kwa mtu anayetaka kucheza peke yake hadithi ile ya samurai bila kuhitaji akaunti yoyote.

Kampuni zina maelezo yao na si ya kupuuzwa. Kufungua duka katika nchi ni kujisajili kwa kodi, kufuata sheria za faragha na za watoto, kupata njia ya malipo, kuajiri wa kujibu malalamiko. Sawa. Lakini mashine zao zimejaa madukani Mombasa na Nairobi, vijana wananunua, na wao wanajua. Tangu lini muuza friji akakuuzia friji halafu akasema umeme wake haujafika nchi yako, jifanye unakaa Manchester?

Hapa ndipo ningependa watu wa Hazina watege sikio. Serikali yetu imekuwa ikiikimbiza pesa ya mtandao kwa miaka. Mwaka 2021 ilianza kutoza kodi ya huduma za kidijitali, asilimia 1.5, na mwishoni mwa 2024 ikaibadilisha kwa kodi nyingine. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16 ambayo wauzaji wa nje wanatakiwa kuitoza wakimuuzia Mkenya. Haya, kijana wa Malindi aliyeandika Old Trafford ni Mkenya wa nani? Bei anazoziona ni za Uingereza, na bei za Uingereza zimeshabeba VAT ya huko, asilimia 20. Mkono wa Idi uliotoka mfukoni mwa bibi yake Mambrui unaenda kusaidia kuziba mashimo ya barabara za Manchester, ilhali barabara ya kwenda Mambrui kwa huyo bibi tunaijua sote.

Lakini kodi si kubwa kuliko ulinzi. Sheria humlinda mtu mahali anapojulikana anakaa. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba yale maboksi ya bahati ndani ya gemu, unayolipia bila kujua utapata nini, ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Kwetu tunapiga kelele juu ya maduka ya kubeti, na tuna haki, lakini mtoto anafungua paketi za wachezaji chumbani kwake, leo anapata Mbappé, kesho anapata mchezaji wa akiba asiyemjua mtu, na mamake anadhani anacheza mpira tu. Nani atamsemea? Katiba yetu, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya kitu anachouziwa na haki ya fidia akipata hasara. Mwenye akaunti ya Kenya angesimama juu ya ibara hiyo. Mwenye akaunti ya uongo akidhulumiwa atakwenda ofisi gani, aseme nini? Jambo la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alidanganya.

Hata hao wenye nchi zilizo kwenye orodha nao hawajasalimika. Mwaka 2014 Ubisoft ilitoa gemu la magari, The Crew. Tarehe 31 Machi 2024 ikazima seva zake, na gemu likafa, hata kwa aliyelinunua kwa pesa taslimu na diski anayo kabatini. Hapo ndipo Mmarekani mmoja, Ross Scott, alipoanzisha kampeni ya kuzuia gemu zisiuliwe hivyo, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka sahihi milioni moja. California nayo ilipitisha sheria, ikaanza 2025, kwamba duka lisitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kuwa anachopata ni leseni.

Jambo hilo nililipeleka kwa maalimu mmoja baada ya Isha, bila kumtajia gemu. Nikamuuliza: mtu amelipa bei kamili, akapewa kitu, lakini muuzaji anaweza kukichukua siku yoyote. Akasema hiyo si bei, hiyo ni ijara, amekodisha. Nikamwambia muda haukutajwa. Akanyanyua nyusi. Ijara isiyo na muda unaojulikana, akasema, ndiyo mlango wa ugomvi. Kisha akaniuliza kama nimeuziwa kiwanja.

Nina diploma ya biashara na nimefanya kazi dukani miaka kadhaa, na sijui mteja wa namna hii katika kitabu chochote nilichosoma. Analipa sawa na Mwingereza na zaidi, kwa sababu muuza kadi naye anaweka chake. Anajitia uongo ili apokewe pesa zake. Akipokewa hamiliki alichonunua. Na akilia hana jina la kulilia.

Kijana wangu sikumtilia sahihi. Haikuwa rahisi; alinuna siku tatu, na mamake aliniambia nimemharibia sikukuu kwa ajili ya kisanduku kimoja cha fomu. Kadi tumejaribu kuirudisha, muuzaji anasema ikishakwanguliwa hairudi. Mwishowe nilimpeleka Mombasa kwa basi, tukanunua diski iliyotumika ya gemu la mpira, shilingi 2,500, nikamwambia hii ni yako, ukichoka nayo utaiuza.

Tulifika nyumbani Magharibi. Akaitia kwenye mashine, wenzake wanne wameshajaa sebuleni, na skrini ikaandika kwamba gemu linataka kupakua gigabaiti 38 kwanza. Bando niliyokuwa nayo ilikuwa ya gigabaiti mbili, ya kumalizia wiki. Watoto wale wakatazamana. Mmoja wao akasema kibanda kule Barani bado kinafungua mpaka saa tatu.