Hoteli ya Ufukweni Ipimwe kwa Tangi Lake

Fundi wa bomba akifika mahali pageni huanza kutazama paa. Halafu hutafuta tangi, halafu hufuata paipu kwa macho mpaka ajue maji machafu yanaishia wapi. Nimefanya kazi hii Ruiri tangu ujana wangu, na siingii nyumba ya mtu, kanisa wala hoteli bila kupiga hesabu hiyo. Kwa hiyo msishangae mtu wa upande wa mlima akiandika kuhusu hoteli za ufukweni. Siku hizi kila hoteli ya Pwani inajiita rafiki wa mazingira, na nadhani tumekubali kupimiwa urafiki huo kwa vipimo visivyofaa: mrija wa karatasi kwenye dafu, kadi kitandani inayokuomba utumie taulo mara mbili, jani la kijani kwenye kibao cha langoni. Mimi nauliza maji. Yanatoka wapi, ni kiasi gani, na yakishatumika yanaenda wapi?

Ruiri iko upande wa Mlima Kenya ambao mvua huupita kando. Ukipanda kuelekea Kiirua unakuta viazi na baridi. Ukiteremka kuelekea Isiolo unakuta migunga na vumbi. Sisi tuko katikati. Maji ya bomba huja kwa zamu kutoka miradi ya vijito vya mlimani, na kiangazi kikikaza zamu huwa ndefu. Hapo ndipo unawaona punda na bodaboda wamepakiwa mitungi, na mama aliyeamka alfajiri akirudi nyumbani jua likiwa utosini. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona bafu linamwagika akanyamaza.

Binti yangu anafanya kazi Unguja, na ndiye aliyenipeleka kulala Chumbe. Ni kisiwa kidogo, kama kilomita 12 kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, msikiti mdogo wa zamani, na msitu uliosimama juu ya mawe ya matumbawe. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliyatangaza matumbawe ya upande wa magharibi wa kisiwa kuwa hifadhi. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa maeneo hayo waliofunzwa kazi, na mpaka leo watoto wa shule za Zanzibar huletwa kujifunza bahari, kwa fedha zinazolipwa na wageni. Mabanda ya kulala ni saba tu. Hakuna bwawa la kuogelea, hakuna jenereta inayonguruma, na hakuna televisheni. Unalala, unasoma, unaogelea maji yakijaa, unatembea maji yakipwa. Mtu wa shughuli nyingi atahangaika siku ya kwanza, kisha atatulia.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuliona paa.

Chumbe haina kisima wala kijito. Kila tone la kuogea na kunawa katika banda huteremka kutoka mbinguni. Paa la makuti limejengwa pana na kuinama kama kikombe, ili mvua ikusanyike badala ya kutawanyika. Maji hupita kwenye chujio la kokoto na mchanga, kisha huingia katika birika lililojengwa chini ya sakafu. Yaani unalala juu ya akiba yako. Kutoka humo hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi juu, na ya kuogea hupashwa moto na jua. Nilimwomba kijana wa pale aniachie mpini wa pampu nijaribu. Alicheka, akaniambia, "Mzee wangu, wewe umekuja kupumzika." Nikamjibu kwamba huko ndiko kupumzika kwangu. Mpini ulikuwa mwepesi, vali haivuji, na shinikizo lilikuwa la kutosha kabisa kwa bafu la watu wawili.

Maji ya kuogea yakishatumika hayaendi baharini. Hupita kwenye vitanda vya mimea iliyopandwa makusudi inywe sabuni na uchafu wake. Jambo hili wenzangu wa bara huwa hawalielewi haraka, kwa hiyo niseme taratibu. Maji ya sabuni na ya choo yana virutubisho, kama mbolea ya shambani. Yakifika baharini hulisha mwani, mwani hufunika matumbawe, matumbawe yakifa samaki huhama. Shimo la choo lililochimbwa mita chache kutoka ufukweni, kwenye mawe yenye matundu, halizuii chochote. Ndiyo maana choo cha Chumbe hakivuti maji hata kidogo. Unamwagia kiasi cha majani makavu, hewa hupanda kwa bomba refu hadi juu ya paa, na kinyesi hugeuka mboji. Niliinama nikanusa. Hakina harufu.

Sasa linganisha. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha utafiti kuhusu maji na utalii, na Zanzibar ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa, katika vijiji kama Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano kilifikia lita 3,195. Hiyo ni karibu mitungi 160 kwa chumba kimoja, kwa siku moja. Nikisimama sokoni Ruiri niseme hivyo, wataniuliza kama chumba hicho kinalala ng'ombe.

Nimeyaona haya kwa karibu. Nikiwa kijana niliwahi kufunga mabomba katika hoteli kubwa ya pwani ya kusini, huku Kenya. Ilikuwa na visima vyake, na pampu zilikwenda usiku na mchana. Pwani, maji matamu ya ardhini hulala juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukivuta polepole unapata ya juu. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Kisima cha kijiji cha jirani kikaanza kuwa na ukali mdomoni. Wanawake wakahamia kwenye kioski na kununua kwa mtungi, huku bwawa letu likijazwa upya. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa namna ambayo polisi angeweza kuandika, na wageni walioondoka wakisifu huduma hawakujua lolote.

Mombasa yenyewe inakunywa kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi upande wa kusini. Kila hoteli inayoweza kuvuna mvua yake na haivuni, inasimama kwenye foleni hiyo hiyo na mama wa Likoni, na yenyewe ina pesa ya kumlipa mwenye bouza, yaani lori la maji.

Kuna watu watanijibu kwamba Chumbe ni mchezo wa matajiri, mabanda saba tu, na bei yake si ya mwalimu wa shule ya msingi. Ni kweli ni ghali. Binti yangu alilipa na hajaniambia kiasi. Lakini hoja kwamba hoteli kubwa haiwezi kufanya hivyo siikubali, kwa sababu hoteli kubwa ina paa kubwa. Hesabu ya paa ni rahisi kuliko zote katika kazi yangu: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 2,000 likipata milimita 1,000 kwa mwaka linakusanya lita milioni 2. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita milioni 1.6. Hazitatosheleza wageni wa nyota tano wanaooga mara nne kwa siku, lakini zitanyamazisha pampu kwa miezi.

Wenzetu wa visiwa vya mbali walishalijua hili. Katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, huko Karibi, sheria ya ujenzi kwa miaka mingi imetaka nyumba zijengwe na birika la mvua. Na ni huko huko, kisiwani St. John, Stanley Selengut alipofungua kambi ya Maho Bay mwaka 1976: mahema juu ya majukwaa ya mbao, yaliyounganishwa kwa vijia vya mbao vilivyoinuliwa, na mabomba yakapitishwa chini ya vijia hivyo ili ardhi isichimbwe na mvua isibebe udongo hadi kwenye matumbawe. Kambi ilidumu mpaka 2013, mkataba wa ardhi ulipoisha. Fundi aliyeamua bomba lipite chini ya kijia alifikiri kabla ya kushika sururu.

Kenya haikosi sheria wala taasisi. Sheria ya Maji ya 2016 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kuvuna na kuhifadhi maji. Ecotourism Kenya hutoa vyeti vya shaba, fedha na dhahabu kwa hoteli na kambi zinazotunza mazingira, na hilo ni jambo jema. Ninachotaka ni kimoja zaidi, kinachosomeka na mtu yeyote: kila hoteli inayojiita rafiki wa mazingira ibandike mapokezini lita inazotumia kwa kila mgeni kwa usiku mmoja, na chanzo cha lita hizo. Mgeni aone kabla ya kupewa ufunguo. Anayevuna mvua atajivunia kibao chake, na anayenyonya kisima cha kijiji aeleze.

Na tusiishie Pwani. Hapa kwetu majengo ya vyumba vya kulala wageni yanainuka kila mwaka, kuanzia Makutano mpaka Timau, na sokoni Ruiri vilevile. Yanapakwa rangi nzuri na kuwekewa vyoo vya kuvuta vinavyokula lita 6 hadi 9 kila mara, katika mji ambao maji huja kwa zamu. Mimi ndiye ninayevifunga na ndivyo ninavyolisha watoto, lakini mabati ya majengo hayo hayana gata. Mvua za Machi na za Oktoba humwagika kutoka paani, zikachimba mtaro barabarani na kuishia bondeni, kisha Januari mwenye jengo anapiga simu kutafuta bouza. Paa la mita za mraba 300, hata kwa mvua ya milimita 500 tu, lingempa lita 120,000 baada ya kutoa hasara. Gata, paipu ya kuteremshia na tangi la lita 10,000 ni gharama ndogo mno kando ya vigae alivyoagiza Nairobi.

Kaunti yetu ya Meru haihitaji kuunda kamati. Ramani ya jengo lolote la biashara inapopelekwa kuidhinishwa, ofisa aangalie kama gata na tangi vimechorwa. Kama havimo, airudishe. Na fundi akaguliwe kabla ya jengo kufunguliwa, mimi nikiwemo, maana nimeona matangi yaliyochorwa kwenye karatasi na hayajawahi kufika kwenye uwanja.

Kwa wenye hoteli za Ruiri wanaosoma gazeti hili: choo kikavu kama kile cha Chumbe nimekichora kwa mkono wangu, pamoja na vipimo vya bomba la hewa. Nitamwonyesha bure yeyote anayetaka kujenga kimoja cha majaribio nyuma ya jengo lake.