"Ya kienyeji" si ushahidi

Mama anayenunua nyanya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, akiambiwa "hizi za kienyeji, mama, hazina dawa," hana namna ya kubisha. Hulipa, akaondoka. Tundu hilo lizibwe sasa, kabla neno "asili" halijageuka chambo cha kupandishia bei.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa mazao ya kilimo hai, methali hiyo inagonga mwamba. Mchicha uliotobolewa na wadudu huenda ulipigwa dawa jana, kwa kuchelewa. Nyanya ndogo yenye makovu huenda imekuzwa kwa mbolea ya dukani. Pengine jicho litaona madoa meupe ya dawa ya ukungu. Yakifutwa kwa kitambaa, ushahidi umekwisha. Maji nayo huosha ya juu tu. Dawa iliyonyonywa na mmea hubaki ndani.

Ukweli uko shambani. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, na alama yake ni Kilimohai. Kiwango hicho kinakataza mbolea na viuatilifu vya kemikali za viwandani, pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mkulima mdogo asiyemudu kumlipa mkaguzi wa nje hajafungiwa mlango: upo utaratibu shirikishi, ambamo wanakikundi hukaguana wenyewe, kila mmoja akiwafungulia wenzake shamba lake.

Mbinga ina mtaji wa kuanzia. Ngoro za Wamatengo, mashimo yanayozungukwa na nyasi zilizopangwa miraba na kufukiwa udongo, zimerutubisha miteremko hii kwa vizazi. Lakini ngoro iliyotiwa mbolea ya chumvichumvi si kilimo hai. Anayeitumia hana kosa, maana anatafuta debe la mahindi. Kosa ni kuuza kwa jina lisilo lake.

Tunaitaka Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga iwatume maafisa ugani kuunda vikundi hivyo, na kwenye minada itenge meza za mazao yaliyokaguliwa. Mnunuzi naye aulize: yamelimwa shamba gani, nani amelikagua, dawa ilipigwa lini mara ya mwisho? Akitajiwa shamba na kikundi, aongeze bei kwa moyo mweupe. Akijibiwa "niamini tu, mama," alipe bei ya nyanya za kawaida.