Baisikeli ya Kwenda Kazini: Kwanza Njia, Kisha Bei

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo ni kweli shambani, kwa maana mkulima hodari hulima kwa jembe lo lote alilo nalo. Lakini mtu akaaye mbali na kazi yake, naye ataka kununua baisikeli ya kumpeleka na kumrudisha kila siku, hawezi kulifuata neno hilo. Asipochagua yeye, njia itamchagulia, na njia za Ukambani hazina huruma.

Katika Kitui na Makueni wamo makarani, walimu, wauguzi wa zahanati, walinzi na wauza duka ambao nyumba zao ziko kilomita 6, au 8, au 10 kutoka mahali pa kazi. Wamekaa huko kwa sababu shamba liko huko na wazazi wako huko, tena kodi ya chumba mjini Kitui au Wote ingekula mshahara. Kwa miguu, kilomita 8 ni mwendo wa saa moja na nusu na zaidi. Mtu hufika kazini amekwisha choka, na jioni hufika nyumbani giza limekwisha ingia. Kwa pikipiki ya bodaboda hufika upesi, lakini hulipa kila siku ya Mungu.

Na ifanywe hesabu. Karani alipaye, kwa mfano, shilingi 50 asubuhi na shilingi 50 jioni, kwa siku 22 za kazi hutoa shilingi 2,200 kila mwezi. Kwa miezi 6 amekwisha toa shilingi 13,200, wala hana hata msumari mmoja wa kuonyesha. Kila mtu na aweke nauli ya njia yake mahali pa hiyo 50, kisha aone ni miezi mingapi ya nauli itakayotosha bei ya baisikeli aliyoiona dukani. Wengi watastaajabu.

Walakini hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba baisikeli iwe inatembea. Baisikeli iliyoegemezwa ukutani kwa kukosa kipuri humtoza mwenyewe mara mbili: fedha aliyoinunulia, na nauli anayorudi kuilipa. Tena akichelewa kazini mara tatu kwa juma, msimamizi wake hataki habari za mnyororo uliokatika. Kwa hiyo baisikeli nafuu si ile iliyo rahisi dukani. Ni ile isiyokosa siku za kazi, na ambayo siku ikiharibika, fundi wa soko la karibu aweza kuitengeneza kwa kipuri kipatikanacho katika soko lilo hilo.

Basi kabla ya kuuliza bei, mnunuzi na aiulize njia yake. Aitembee yote kwa miguu akiitazama kwa macho ya mtu atakayeipanda kwa baisikeli.

Ikiwa njia ni ya lami, kama kwa wale wakaao kandokando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa katika Emali, Makindu, Kibwezi au Mtito Andei, hakuna haja ya gia nyingi wala matairi mapana. Hatari ya huko ni malori. Mtu huyo na aipunguze fedha ya mapambo aitie katika taa nyeupe ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, na breki mbili zinazoshika sawasawa. Tena ashike upande wake wa kushoto, wala asiwe mtu wa kushindana na lori.

Ikiwa njia hupita katika mchanga, shauri ni jingine. Mito kama Kaiti na Thwake upande wa Makueni, na Tiva upande wa Kitui, kwa sehemu kubwa ya mwaka huonyesha mchanga kuliko maji, na vijito viingiavyo humo ni hivyo hivyo. Tairi nyembamba ya inchi moja na nusu huzama mchangani kama kisu katika ugali. Yafaa tairi ya inchi 2 au zaidi. Lakini katika mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, kijito kilichokuwa mchanga jana chaweza kushuka kwa nguvu leo. Hakuna baisikeli ivukayo mafuriko. Asubuhi kama hiyo mwenye akili huzunguka darajani, au hungoja maji yapungue.

Ikiwa njia ni ya milima, kama Mbooni na Kilungu, jambo la kwanza ni breki na la pili ni gia. Watu wengi hufikiri kwamba asiyeweza kununua baisikeli ya gia nyingi hana la kufanya ila kusukuma. Sivyo. Baisikeli ya kawaida yenye gurudumu la inchi 28, ikiwa na meno 44 mbele na meno 18 nyuma, husonga takribani mita 5 na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Fundi akiliondoa lile gurudumu dogo la nyuma akatia la meno 22, na akirefusha mnyororo kidogo ikibidi, baisikeli husonga takribani mita 4 na nusu. Mwendo hupungua mahali palipo tambarare, lakini mguu hupata nafuu karibu ya moja katika tano mlimani. Kazi hiyo ni ndogo, na bei yake si kitu ukiilinganisha na bei ya baisikeli nyingine.

Baada ya kuijua njia, mnunuzi aweza sasa kuingia dukani. Atakuta aina nyingi, lakini zaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni ile baisikeli nyeusi ya chuma, ndefu na nzito, ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba. Umbo lake ni lile lile lililoletwa zamani na Raleigh ya Nottingham, Uingereza, na baadaye likaendelezwa na viwanda vya Asia, kama Hero ya Ludhiana, India, iliyoanza kutengeneza baisikeli mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai, China. Haina madaha, na mlimani ni nzito. Lakini fundi wa kijijini huijua kama kiganja chake, na gololi, spoki na mipira yake huuzwa hata katika maduka madogo. Kwa mtu wa mshahara mdogo, hilo ni jambo kubwa kuliko rangi.

Fungu la pili ni baisikeli zilizotumika ng'ambo, za mitumba. Nyingine ni imara kweli kweli, nyepesi na zenye gia nzuri. Taabu yake ni kwamba kila moja ni mgeni wa peke yake: kipimo cha rimu yake au gia zake huenda kisipatikane kabisa Kitui, na mwenyewe akalazimika kuagiza Nairobi. Anayeitaka na amchukue fundi wake waende pamoja, na fundi aulizwe swali moja tu: "Kitu hiki kikivunjika, wewe utanitengenezea kwa nini?" Akisitasita, fedha na irudi mfukoni.

Fungu la tatu ni baisikeli mpya zing'aazo, zenye gia nyingi na springi mbele na katikati, nazo zauzwa kwa bei ya kuvutia. Vijana huzipenda mno. Yafaa ikumbukwe kwamba springi nzuri na gia nzuri ni vitu vya gharama. Mahali bei ilipo ndogo sana, hapana budi kitu fulani kimepunguzwa, na aghalabu kilichopunguzwa ni ugumu wa chuma. Vumbi jekundu huingia katika gia na springi hizo, na kila kiungo kilichoongezwa ni kiungo kimoja zaidi cha kuharibika.

Fungu la nne ni baisikeli iitwayo Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanza mwaka 2005. Ilibuniwa kwa njia za Afrika, na hapa Kenya huunganishwa Kisumu. Uzito wake ni karibu kilo 23, na kerea yake imetengenezwa kubeba kilo 100. Breki yake ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu, nayo hushika kwa kurudisha pedali nyuma, hivyo vumbi na matope haviifikii upesi. Bei yake huipita ile nyeusi ya kawaida. Mwenye kubeba mizigo kila siku huenda akaona faida yake. Lakini kabla ya kununua, aulize vipuri vyake hupatikana wapi na mbali gani.

Mahali hapa wengi husahau jambo moja. Baisikeli ya kazini haiendi kazini tu. Jumamosi mama wa nyumba ataitaka imchukulie maji, na debe la lita 20 ni kilo 20. Madebe mawili ni kilo 40. Wakati wa maembe itakwenda sokoni, na mtoto akiugua usiku itakwenda zahanati. Kwa hiyo kerea na stendi si mapambo. Na ikiwa mke au binti ataipanda pia, ni vema kuchagua yenye fremu ya kushuka katikati, kuliko kununua ya mwanamume peke yake na kuiacha ikilala siku ambazo yeye hayuko. Kununua bila shauri la nyumbani kumeleta maneno katika nyumba nyingi.

Mwenye kununua iliyokwisha tumika hapa nchini ana kazi ya kuichunguza. Aigeuze juu chini, aizungushe kila gurudumu, atazame kama rimu huyumba. Aushike mkono wa pedali autikise pande zote. Ukicheza, gololi au pini zimekwisha. Atazame viungo vya fremu, hasa chini ya usukani, kama pana ufa au mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya. Kisha aitafute nambari iliyogongwa katika fremu, ambayo mara nyingi huwa chini penye pedali au karibu na tandiko. Nambari ikiwa imepigwa tupa, au muuzaji akikataa kuandika hati yenye jina lake na nambari hiyo, baisikeli hiyo na iachwe hata ikiwa ni ya bure. Rahisi ya namna hiyo humfikisha mtu kituo cha polisi kabla ya kumfikisha kazini.

Akiisha nunua, taabu yake kubwa katika nchi hii itakuwa miiba. Watu hukata matawi ya migunga kuzungushia maboma, na wakiyaburuta njiani huacha miiba nyuma. Fundi wengi hukata ukanda wa tairi kuukuu na kuulaza ndani ya tairi, baina yake na mpira; baisikeli huwa nzito kidogo, lakini pancha hupungua. Mwenyewe na awe na pampu, viraka na solusheni, ajifunze kuziba siku ya Jumapili, wala asingoje kujifunzia njiani saa moja na nusu asubuhi. Tena aiweke baisikeli kivulini, kwa sababu jua huipasua mipira upesi.

Mwisho ni habari ya akiba. Mtu aliyekuwa akitoa shilingi 2,200 za nauli kila mwezi asizile zote kwa furaha ya kuacha kulipa. Na atenge sehemu moja katika kumi, yaani shilingi 220, aiweke mbali na mkono kwa ajili ya tairi, mnyororo na breki. Zinazobaki zina kazi nyingi za kufanya, na karo ya shule ni ya kwanza. Tairi hailii hodi siku ya kupasuka. Itapasuka tarehe 20, mshahara ukiwa bado siku kumi, na siku hiyo ndipo itakapojulikana nani alinunua baisikeli na nani alinunua deni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika baisikeli, asiyetia tone la mafuta jioni atanunua mnyororo mwisho wa mwezi.