Uchanganuzi: Neno 'kawaida' linavyohatarisha maisha ya waja wazito

MJA mzito wa miezi minane anapolalamika kwamba kiuno kinamkata na tumbo limekaza, jibu la kwanza analolipata aghalabu ni kwamba hiyo ni hali ya kawaida. Mavyaa wake humwambia hivyo, jirani humwambia hivyo, na si ajabu mhudumu wa zahanati, akiwa amezidiwa na foleni ya wagonjwa, kumpa jibu lilo hilo bila hata kumgusa.

Ugumu wa suala hili ni kwamba mara nyingi jibu hilo huwa la kweli.

Kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, mwanamke hubeba mzigo ambao mwili wake haukuuzoea. Uzito wake huwa umeongezeka kwa kilo kadhaa, nao karibu wote huelemea mbele. Ili asiyumbe, hulazimika kujipinda nyuma, na uti wa mgongo hulipia gharama hiyo sehemu ya kiunoni. Wakati uo huo, homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia ya kupita. Zaidi ya nusu ya wanawake hupatwa na maumivu ya mgongo au nyonga wakati fulani wakiwa na mimba, na wengi wao hupona baada ya kujifungua bila kutumia dawa yoyote.

Tumbo nalo lina vijisababu vyake visivyo na madhara. Kano zinazoishikilia nyumba ya uzazi huvutwa kadiri mimba inavyokua, na ndiyo maana mwanamke anayegeuka ghafla kitandani au kupiga chafya huhisi kichomi kinenani. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki kuzuia upungufu wa damu, japo ni muhimu mno, hufunga choo na kuleta msokoto wa tumbo. Kisha kuna mikazo ya hapa na pale ambayo wengi huiita uchungu wa uongo. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mwaka 1872, na hadi leo madaktari huiita kwa jina lake. Mikazo hiyo haina mpangilio, na hutulia mwanamke akibadili mkao, akipumzika au akinywa maji.

Laiti mambo yangekomea hapo, neno 'kawaida' lingekuwa faraja na wala si hatari. Lakini mahali pale pale panapouma bila madhara ndipo panapouma pia mama anapokaribia kupoteza uhai wake au wa mtoto. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nchini Kenya wanawake 355 hufariki kutokana na matatizo ya ujauzito na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Lengo la kimataifa ni kuwa na vifo visivyofika 70 kufikia mwaka 2030.

Tuhuma ya kwanza huwa ni uchungu halisi kuanza kabla ya wakati, yaani kabla ya wiki ya 37. Huu huja kwa mpangilio, muda kati ya mkazo na mkazo ukizidi kufupika, na haukomi hata mwanamke akijinyoosha kitandani. Aghalabu huanzia mgongoni, ukazunguka hadi mbele, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ni uchovu wa kuinama shambani au kufua nguo. Mwanamke akifika hospitalini mapema, kabla ya wiki ya 34, anaweza kudungwa dawa za steroidi zinazosaidia kukomaza mapafu ya mtoto. Hata hivyo, dawa hizo huhitaji takriban siku nzima ili zifanye kazi ipasavyo. Anayefika mtoto akiwa mlangoni huwa amezikosa.

Hali inayowatia wakunga hofu zaidi ni kondo la nyuma kubanduka mtoto angali tumboni. Linapoachana na ukuta wa nyumba ya uzazi, mtoto hukatiwa hewa, naye mama huanza kuvuja damu. Maumivu yake huwa ya ghafla na hayaachii. Tumbo hukakamaa likawa gumu kama ubao, wala halilegei kama linavyolegea baina ya mikazo ya uchungu wa kuzaa. Iwapo kondo limejishikiza upande wa nyuma, huenda mama akahisi maumivu ya mgongo pekee. Kinachowapotosha wengi ni ile dhana kwamba pasipo damu hapana hatari. Damu inaweza kujikusanya nyuma ya kondo bila hata tone moja kuonekana nje, na mwanamke akaishiwa nguvu huku waliomzunguka wakimkanda tumbo kwa mafuta. Kumkanda mwanamke wa aina hiyo ni kumwongezea balaa.

Miongoni mwa visababishi vya kondo kubanduka ni shinikizo la damu na pigo la tumboni. Pigo hilo laweza kuwa la kuanguka kutoka kwenye bodaboda. Laweza pia kuwa la ngumi. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 34 ya wanawake nchini wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza umri wa miaka 15, na mimba si kinga dhidi ya ukatili huo. Mwanamke aliyepigwa teke usiku, akisindikizwa zahanati asubuhi na huyo huyo aliyempiga, atasema aliteleza bafuni. Muuguzi asiyemtenga faraghani na kumuuliza tena ataandika 'maumivu ya mgongo' kwenye kijitabu chake cha kliniki na kumruhusu arudi nyumbani.

Maumivu mengine yanayodanganya ni yale ya juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia. Mwenyewe huyahesabu kuwa kiungulia, au mateke ya mtoto aliyekosa nafasi. Yamkini ni hivyo. Yamkini pia ini limeanza kuathirika kutokana na shinikizo la damu la ujauzito, ugonjwa unaojitokeza baada ya wiki ya 20 na ambao usipodhibitiwa huishia kwenye kifafa cha mimba. Ishara zinazoandamana nayo ni maumivu makali ya kichwa, macho kuona vimulimuli, na uso na mikono kuvimba ghafla. Lakini wapo wanawake wasiohisi lolote hadi siku wanapoanguka.

Tiba yake si siri wala si ghali. Utafiti uliohusisha wanawake takriban 10,000 katika nchi 33, ukachapishwa mwaka 2002, ulithibitisha kwamba dawa ya sindano iitwayo magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa wagonjwa hao kupatwa na kifafa. Kinachotangulia dawa hiyo ni mtu wa kumfunga mama mpira mkononi, kupima, na kutambua kwamba 140 kwa 90 si presha ya kupuuzwa kwa mja mzito.

Visababishi vingine navyo vina ujanja wake. Maambukizi ya njia ya mkojo yakipanda hadi kwenye figo huleta maumivu ya ubavuni, mara nyingi upande wa kulia, pamoja na homa na kutetemeka. Katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani homa hiyo hudhaniwa upesi kuwa malaria, mgonjwa akapewa dawa za malaria na kuambiwa akapumzike, ilhali ni figo inayougua na inayoweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Katika maeneo hayo hayo wamo wanawake wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ujauzito huwazidishia vipindi vya maumivu makali ya mifupa, mgongo na tumbo. Kidole tumbo nacho husukumwa juu na mimba kikaumia mahali ambapo hata daktari hakitarajii. Na mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji hana haki ya kuambiwa 'kawaida' iwapo maumivu yako penye kovu na hayatulii.

Ukiyatazama haya yote kwa pamoja, utaona kwamba maumivu yenyewe hayatoshi kutofautisha salama na hatari. Kinachotofautisha ni kupima presha, kupima mkojo, kuweka mkono tumboni na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kazi hiyo haihitaji mashine za mamilioni na haichukui hata nusu saa.

Badala yake, daktari wa kwanza wa wakazi wengi wa mitaa ya mijini ni muuzaji wa duka la dawa, na anachokitoa haraka kwa maumivu ya mgongo ni diklofenaki au ibuprofeni. Mnamo Oktoba 2020 mamlaka ya kudhibiti dawa nchini Marekani ilitahadharisha kwamba dawa za kundi hilo, zikitumiwa kuanzia wiki ya 20, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kuziba mapema mshipa mmoja muhimu karibu na moyo wake. Parasetamoli ndiyo ambayo madaktari wamekuwa wakiipendekeza. Hata hiyo iliingizwa kwenye mabishano Septemba 2025, wakati Rais Donald Trump wa Marekani alipowataka waja wazito waiepuke akidai inahusiana na usonji kwa watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijibu siku chache baadaye kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Kwa mwanamke wa Kenya mabishano hayo yalikuwa na hatari yake ya pekee, kwani anayeiogopa parasetamoli huenda akakimbilia hiyo diklofenaki.

Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza mwaka 1994 kwamba wanawake hufariki kwa sababu ya kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kenya imepambana sana na kuchelewa kwa pili. Ada za kujifungulia katika hospitali za umma ziliondolewa Juni 2013, na wanawake wakaitikia. Mwaka 2014, asilimia 62 ya watoto walizaliwa mikononi mwa wahudumu waliohitimu. Kufikia mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa asilimia 89. Lakini vifo vilivyokadiriwa kuwa 362 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2014 vilikuwa 355 katika sensa ya mwaka 2019. Ingawa mbinu za kukadiria zilitofautiana, ni vigumu kukwepa swali la kinachotendeka kabla mwanamke hajafika hospitalini, na kinachotendeka, au kisichotendeka, akishafika.

Tangu Oktoba 1, 2024, mzigo wa kulipia huduma hizo umekuwa mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF. Hazina ya bima hiyo ilitengewa viwango vya Sh10,000 kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida na Sh30,000 kwa anayefanyiwa upasuaji. Mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi, ambao kanuni zinawataka wasio na mishahara waulipe kwa mwaka mzima. Mwanamke wa wiki ya 32 anayeumwa mgongo saa nane za usiku hajui kama tatizo lake ni la kujifungua. Akijua kwamba michango ya familia haijalipwa, atangoja kupambazuke. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, lakini ili maumivu yahesabiwe kuwa dharura, sharti kwanza awepo mtu wa kuyapima.

Kliniki za kabla ya kujifungua zingeweza kuziba sehemu ya pengo hilo. Tangu mwaka 2016, WHO hupendekeza mja mzito aonane na wahudumu mara nane, na mara tano kati ya hizo ziwe katika miezi mitatu ya mwisho, kwa kuwa wakati huo ndipo presha hupanda na kondo kubanduka. Utafiti ule wa mwaka 2022 ulipata kwamba ni asilimia 66 pekee ya wanawake waliohudhuria kliniki angalau mara nne. Theluthi moja hawakufikisha hata nusu ya idadi inayopendekezwa. Wengine walifika wakakuta milango imefungwa, maana mgomo wa madaktari wa mwaka 2017 ulitimiza siku 100, na ule wa mwaka 2024 siku 56.

Hatua yenye matumaini zaidi, na ambayo imezungumziwa kwa uchache kuliko inavyostahili, ni ile ya Septemba 2023 ambapo serikali iliwapa zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa, kikiwemo cha kupimia presha. Kwa mara ya kwanza, kipimo kinachoweza kutenganisha kiungulia na kifafa cha mimba kinapatikana kijijini, mikononi mwa jirani ambaye mja mzito anamfahamu kwa jina. Wahudumu hao waliahidiwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa malipo yamesikika katika kaunti kadhaa. Kifaa nacho kinahitaji betri, na mwenye kukitumia anahitaji kukumbushwa mafunzo yake. Lakini hata vyote hivyo vikitimia, mhudumu atakayepima saa tatu usiku na kupata 160 kwa 110 hawezi kutibu. Atapiga simu aitiwe ambulensi, na kuanzia hapo maisha ya huyo mama yatategemea iwapo kaunti ina gari lenye mafuta na mtu wa kuipokea simu hiyo.